Ramani za Uwanda wa Kemikali na Lugha ya Sumu

Mwanaisimu wa lugha za Kibantu amezoea kusoma ramani za aina mbili. Ya kwanza ni ile ya kanda, kama ile iliyoasisiwa na Malcolm Guthrie mwaka 1948, ambamo kila lugha imepewa herufi na tarakimu: Kiswahili kimewekwa G42, Kipokomo E71, na lugha za Mijikenda E72. Ya pili ni ile ya nasaba, isiyojali lugha inasemwa wapi bali imetokana na nini. Katika ramani hiyo ya pili Kiswahili, Kikomoro, Kipokomo, Kiilwana na lugha za Mijikenda ni ndugu wa tumbo moja, yaani Sabaki, kama walivyoeleza Derek Nurse na Thomas Hinnebusch katika kitabu chao cha mwaka 1993. Msomaji aichukuaye ramani ya Guthrie na kudhani kwamba herufi E na G zaonyesha utengano wa nasaba atapotoka, wala lawama haitakuwa ya ramani.

Wanakemia nao siku hizi wana ramani zao. Zapatikana katika mtandao wa intaneti, bila malipo, na mtu yeyote mwenye tarakilishi aweza kuzifungua. Kila nukta ni kemikali moja. Nukta mbili zikikaribiana, kemikali zake zafanana, zikitengana, zatofautiana. Juu ya nukta hizo hupakwa rangi ionyeshayo matokeo ya vipimo vya sumu. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ramani hizo zitengenezwavyo, na hasa jinsi zipasavyo kusomwa, kwa sababu mfasiri wa Kiswahili atakayetakiwa kueleza habari zake kwa mkulima, kwa muuguzi au kwa mwandishi wa gazeti hana budi kujua ni nini hasa kinachosemwa na mahali pa nukta, na rangi yake, na kukosa kwake rangi. Mambo hayo ni matatu, na aghalabu huchanganywa.

Uwanda na lugha yake

Kwanza ni suala la jina. Istilahi ya Kiingereza itumikayo kwa dhana hii hubeba kwa pamoja maana za nafasi, anga na uwazi. Mfasiri mwenye haraka huandika "anga ya kemikali", na vyombo vyenyewe vyamtia moyo. ChemMaps, chombo kilichotangazwa mwaka 2018 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina huko Marekani pamoja na wenzao, humpitisha mtazamaji katikati ya kemikali kana kwamba anasafiri kati ya nyota. Hata hivyo "anga" hudokeza utupu, na "nafasi" imekwisha kubebeshwa maana za fursa na cheo. Neno "uwanda" lafaa zaidi: uwandani mtu hutembea, huona majirani, na huweza kuuliza ni nani anayekaa karibu na nani. Hilo ndilo swali ambalo ramani hizi zimeundwa kulijibu.

Uwanda huo ni mpana kupita kiasi. Mwaka 1996 wanakemia watatu walikadiria kwamba molekuli ndogo ziwezazo kufaa kuwa dawa zafikia idadi ambayo huandikwa kwa tarakimu 1 ikifuatwa na sufuri 60. Kikundi cha Jean-Louis Reymond katika Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, kiliitumia tarakilishi mwaka 2012 kuorodhesha molekuli zote ziwezekanazo kimantiki zenye atomi zisizozidi 17, bila kuhesabu haidrojeni, za elementi chache tu. Hata kwa masharti hayo ya kubana walipata zaidi ya bilioni 166. Nyingi ya hizo hazijapata kuwako popote ila katika orodha hiyo. Kwa upande wa kemikali ambazo watu wanazitengeneza, wanaziuza au wanazitupa mitoni, hesabu ni ndogo zaidi lakini si haba: toleo la pili la ChemMaps, la mwaka 2023, lina kemikali za mazingira takriban milioni moja, zilizochukuliwa katika hazina ya Idara ya Kuhifadhi Mazingira ya Marekani.

Ili tarakilishi izipange kemikali hizo, yabidi kwanza kila moja iandikwe. Hapa pana jambo litakalompendeza mwanaisimu. Katika miaka ya 1980 David Weininger alibuni mfumo wa maandishi uitwao SMILES, na kazi hiyo ilianzia katika maabara ya serikali huko Duluth, Minnesota, ambako watafiti walikuwa wakipima sumu ya kemikali kwa samaki. Kwa mfumo huo molekuli huandikwa kwa mstari mmoja kama neno. Herufi C ni kaboni, O ni oksijeni, mabano ni matawi, na tarakimu huonyesha mahali pete inapofungwa. Haidrojeni kwa kawaida haiandikwi. Msomaji huijaza mwenyewe kwa kujua kanuni, kama vile msomaji wa hati za Kiarabu zisizotiwa irabu ajazavyo irabu. Ethanoli, ambayo ndiyo kileo kilichomo katika pombe, huandikwa CCO. Ukizipanga atomi zilezile kwa mfuatano mwingine, COC, wapata dimethili etha, ambayo ni gesi katika joto la kawaida ilhali ethanoli ni kiowevu kichemkacho kwenye nyuzi 78 za Selsiasi. Tofauti hiyo ni sawa na ile ya "kata" na "taka": herufi ni zilezile, lakini maneno ni mawili.

Baada ya kuandikwa, kila molekuli hutolewa dalili zake. Tarakilishi hulikagua neno na kuuliza maswali mengi ya ndiyo na la: je, ina pete ya kaboni sita? Je, ina klorini? Je, ina oksijeni iliyoshikana na fosforasi? Orodha ya majibu huitwa alama ya kidole ya molekuli. Molekuli mbili hulinganishwa kwa kugawanya idadi ya dalili wanazoshiriki kwa jumla ya dalili zote walizo nazo pamoja. Ikiwa ya kwanza ina dalili 40, ya pili 35, na zinazoshirikiwa ni 30, basi jumla ni 45 na ufanani ni 0.67. Wanakemia hukiita kipimo hiki kwa jina la Tanimoto, lakini kilibuniwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Paul Jaccard, mtaalamu wa mimea wa Uswisi, aliyetaka kulinganisha uoto wa sehemu mbalimbali za milima ya Alps. Aliyepata kuhesabu maneno yenye asili moja katika orodha ya Swadesh ataitambua mbinu hii mara moja, pamoja na udhaifu wake: matokeo hutegemea ni dalili zipi zilizoteuliwa kuhesabiwa, na uteuzi huo ni wa binadamu.

Ukaribu huu wa kemia na isimu si wa mfano tu. TMAP, chombo kilichotolewa na kikundi cha Bern mwaka 2020, huzipanga molekuli kwa umbo la mti wenye matawi na vijitawi, na hesabu ya kuuunganisha mti huo ni ile iliyobuniwa na Joseph Kruskal mwaka 1956. Kruskal huyohuyo, mwanahisabati, alishirikiana na Isidore Dyen na Paul Black katika uainishaji wa lugha za Kihindi-Kiulaya kwa kuhesabu msamiati, kazi iliyochapishwa mwaka 1992.

Baki ya kazi ni kubana. Dalili huwa mamia au maelfu, na kila moja ni kama upande mmoja wa uwanda. Lakini kioo cha tarakilishi kina pande mbili tu, au tatu kwa kudanganya jicho. Zipo mbinu kadhaa za kubana, tangu ile ya Karl Pearson ya mwaka 1901 hadi zile za t-SNE (2008) na UMAP (2018), na hakuna hata moja isiyopoteza kitu. Ramani ya dunia ya Mercator ilihifadhi pembe na kuharibu ukubwa, hata Greenland ikaonekana kulingana na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa kuliko Greenland takriban mara 14. Vivyo hivyo t-SNE huwahifadhi majirani wa karibu na kuvuruga masafa marefu. Kwa hiyo mtazamaji aweza kuamini kwa kiasi kwamba nukta mbili zilizogusana zafanana. Akisema kwamba kundi lililoko kushoto liko mbali maradufu na kundi la kulia kuliko la katikati, anasoma kisichoandikwa.

Jirani na genge

Faida kubwa ya ramani hizi ni kwamba zamwezesha mtu kukisia. Kemikali iliyopimwa sumu kikamilifu ni nadra. Isiyopimwa ni ya kawaida. Basi mkaguzi huitazama kemikali mpya, akawatafuta majirani zake waliokwisha kupimwa, na kutokana na tabia zao akakadiria tabia yake. Katika Jumuiya ya Ulaya, sheria ya kemikali ya mwaka 2006 yaruhusu makadirio ya namna hii kwa masharti, na sababu yake ni njema: hupunguza gharama na kuwaokoa wanyama wengi wa maabara. Kukadiria kwa jirani, basi, si mchezo wa wanachuo. Bidhaa huweza kuruhusiwa au kuzuiwa kwa njia hiyo.

Lakini uwanda una magenge. Mtu hutembea juu ya ardhi tambarare, nukta baada ya nukta, kila moja ikifanana na iliyotangulia, kisha hatua moja tu humtumbukiza. Mfano ulio mchungu zaidi kwa msomaji wa Kenya ni ule wa CCO na CO. Methanoli imepungukiwa na ethanoli kwa kaboni moja na haidrojeni zake mbili. Zote mbili ni viowevu visivyo na rangi, huwaka, huchanganyika na maji, na hulevya. Kwa vipimo vya uzito na umbo na tabia ya kuyeyuka, ni majirani wa mlango kwa mlango. (Kwa vipimo vya alama za vidole huweza kutengana, kwa kuwa molekuli ndogo ina dalili chache na upungufu wa moja huonekana mkubwa, jambo ambalo lenyewe laonyesha kwamba jirani huteuliwa, haokotwi.) Mwilini, kimeng'enya kilekile cha ini huzishughulikia zote mbili. Ethanoli hugeuzwa kuwa asidi ambayo ndiyo hasa ya siki, na mwili huweza kuitumia. Methanoli hugeuzwa kuwa formaldehaidi, kisha asidi ya fomiki, nayo hulimbikizana katika damu na kushambulia mshipa wa fahamu wa jicho. Mnywaji huamka akiona ukungu, halafu haoni, halafu huweza kufa.

Mwezi wa Novemba 2000, pombe haramu iliyochanganywa na methanoli iliwaua watu zaidi ya 100 mjini Nairobi, na wengine wakapofuka. Mei 2014 msiba ulirudi katika sehemu kadhaa za nchi na makumi ya watu wakafa. Waliokunywa hawakudhani kuwa wanakunywa kitu kingine. Kwa ulimi na kwa pua zao vitu hivyo viwili ni kimoja. Ajabu ni kwamba ujirani huohuo ndio msingi wa tiba: mahali pasipo na dawa maalumu ya fomepizoli, daktari humpa mgonjwa ethanoli kwa kipimo, ili kimeng'enya kishughulike nayo na kuiacha methanoli itoke mwilini bila kugeuzwa. Nukta iliyo karibu yaweza kuwa kinga ya jirani yake kwa sababu ileile inayowafanya wachanganyikiwe.

Hapa lugha nayo ina sehemu yake. Neno "spiriti" katika maduka ya Afrika ya Mashariki hutumika kwa kiowevu cha kuwashia taa, cha kusafishia vidonda, na pengine kwa pombe kali. Kama neno moja lakaa juu ya pande zote mbili za genge, onyo lolote litumialo neno hilo peke yake halimwambii mtu asimame wapi. Mfano wa namna hiyo ni gliserini na diethilini glikoli, viowevu vitamu na vizito vinavyotumika viwandani: cha kwanza hutiwa katika dawa za kikohozi, cha pili huua figo. Marekani mwaka 1937 watu zaidi ya 100 walikufa kwa dawa ya maji iliyotengenezwa kwa diethilini glikoli, na mwaka 2022 watoto wapatao 70 walikufa nchini Gambia baada ya kunywa dawa za kikohozi zilizokuwa na uchafu wa aina hiyo.

Rangi ni jibu la swali gani?

Mahali pa nukta hutokana na umbo la molekuli, na umbo halibadiliki. Rangi hutokana na kipimo, na vipimo ni vingi. Kile cha zamani kijulikanacho zaidi kilipendekezwa na J. W. Trevan mwaka 1927: kiasi cha kemikali kiwezacho kuua nusu ya wanyama waliopewa. Mradi wa Tox21, ulioanzishwa na taasisi za serikali ya Marekani mwaka 2008, umefuata njia nyingine. Roboti hutia kemikali zipatazo 10,000 katika visahani vyenye vishimo vidogo 1,536 kila kimoja, na ndani ya kila kishimo mna chembe hai; kisha hupimwa kama chembe hizo zimekufa, au zimeamsha kipokezi fulani cha homoni, au zimeonyesha dalili ya kutaabika. Nukta ikipakwa rangi nyekundu kwa data za Tox21, maana yake ni kwamba kemikali hiyo ilifanya jambo fulani kwa chembe fulani katika kishimo. Haisemi kwamba mtu atakufa. Ramani ileile ikipakwa upya kwa kipimo kingine, wekundu huhama.

Kiswahili kina neno "sumu", lenye asili ya Kiarabu, na kutokana nalo wataalamu wameunda "usumu" kwa maana ya hali au kiwango cha kuwa na sumu. Neno hili la pili lahitajika, kwa sababu "sumu" peke yake hugawa ulimwengu katika mafungu mawili, yaliyo sumu na yasiyo sumu, ilhali tangu Paracelsus, tabibu wa karne ya 16, imejulikana kwamba kinachotenga mafungu hayo ni kipimo. Warfarini ilianza kuuzwa mwaka 1948 kama sumu ya panya, na mwaka 1954 ikakubaliwa kuwa dawa ya binadamu ya kuzuia damu isigande. Triklofoni ni kiuatilifu cha mashambani. Kwa jina la metrifonati ilitumika kutibu kichocho cha mkojo, hadi prazikwanteli ilipochukua mahali pake. Katika ramani kila moja ya hizi ni nukta moja tu. Wala Kiswahili cha kawaida hakikuwa nyuma ya wanasayansi katika jambo hili: "dawa" yatosha kutaja kile kinachomponya mtoto na kile kinachomuua panya au mbu, na mwenye duka huelewa kwa kile kinachofuata.

Kinachofuata, hata hivyo, chahitaji uangalifu. Kihusishi -a hakitofautishi chanzo na mlengwa. "Sumu ya nyoka" hutoka kwa nyoka. "Sumu ya panya" humwendea panya. "Sumu ya samaki" yaweza kuwa ama ile iliyomo katika samaki bunju, ama ile itiwayo majini ili samaki waelee. Msemaji hutatua utata huo kwa ujuzi wake wa dunia, lakini ujuzi huo haupo pale ambapo jina la kemikali ni geni. Katika ufafanuzi wa ramani yafaa kuandika "sumu kwa": sumu kwa samaki, sumu kwa nyuki, sumu kwa chembe za ini. Pareto yaonyesha ni kwa nini. Kwa miongo mingi ya karne ya 20 Kenya iliongoza ulimwengu kwa zao hili, na kemikali sita za maua yake, ziitwazo pirethrini, ni majirani wa karibu wa zile za viwandani kama pamethrini, ambazo hutiwa katika vyandarua. Kwa mbu ni mauti. Kwa mtu aliyelala ndani ya chandarua madhara ni kidogo sana. Kwa samaki ni sumu kali, na ndiyo sababu chandarua hakipasi kufuliwa ziwani wala mtoni. Kwa paka pamethrini ni hatari, kwa kuwa ini lake halina uwezo wa kutosha wa kuivunja. Kuuliza kama pamethrini "ina sumu" na kuishia hapo ni kuuliza nusu ya swali.

Lipo jambo la tatu, nalo ndilo lililo gumu kuliko yote kulitafsiri: nukta isiyo na rangi. Katika ramani nyingi nukta zilizopakwa ni chache, na zilizobaki huachwa kijivu. Jicho la binadamu halipendi kijivu. Huona nyekundu kuwa hatari, na kila kisicho chekundu hukiona salama. Katika majedwali yanayozalisha ramani hizo mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu kisanduku kitupu huweza kuwa na maana mbili au tatu na hakisemi ni ipi. Kiswahili kina uwezo wa kuzitenga maana hizo kwa viambishi vyake vya ukanushi, na yafaa utumike bila kubana maneno. "Haina sumu" ni dai la jumla, ambalo ni nadra kwa mtafiti kuwa na haki ya kulitoa. "Haikudhuru" ni taarifa ya tendo lililofanyika na kwisha: kemikali iliwekwa katika kipimo, kwa kiasi kilichotajwa, na madhara hayakuonekana. "Haijapimwa" ni kitu kingine kabisa. Kiambishi -ja- chasema kwamba tendo halijawa na kwamba laweza kuwa. Huacha mlango wazi. Kwa hiyo pale ambapo maelezo ya kigeni yaandika kwa mkato kwamba hakuna data, tafsiri iandikwayo "hakuna sumu iliyoonekana" si tafsiri nyepesi tu, bali ni uongo uwezao kumfikia mtu aliyeshika bomba la kunyunyizia.

Kijivu hiki ni kingi hasa katika kemikali za mimea ya Afrika. Watafiti wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Buea, Kamerun, wamekuwa wakikusanya kemikali hizo kutoka katika maandishi ya kisayansi, na mwaka 2020 ilitangazwa hazina ya mtandaoni ya zile zilizopatikana katika mimea ya Afrika ya Mashariki. Sasa zaweza kuwekwa katika ramani pamoja na dawa za viwandani na kuonekana zinakaa karibu na nini. Rangi ni suala jingine. Rotenoni, ambayo pamoja na jamaa zake hupatikana katika mimea ya jamii ya utupa, imepimwa sana, kwa samaki, kwa panya na kwa chembe, kwa kuwa iliuzwa ulimwenguni kama kiuatilifu. Na wavuvi walioupa mmea huo jina walikuwa wamekwisha kuijua kazi yake. Mwarobaini umepimwa nusunusu: azadirachtini, ambayo huwakinga mimea na wadudu, ina data nyingi, ilhali kemikali nyingine nyingi za magome na majani yake, ambayo watu wa pwani huyachemsha na kuyanywa, zimo ramanini zikiwa kijivu.